Maandishi Hayana Watoto

Usiku wa kuamkia mazishi ya baba niliota nimetumwa ndani ya wasifu wake nikiwa na wembe.

Aliyenituma ni baba mdogo Mbazi, na hata ndotoni alikuwa amevaa lile koti lake la kijivu la kuhudhuria vikao. Alinikabidhi wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake, akaniambia niingie, nimtoe yule, nitoke upesi, chakula kinapoa. Sikumwuliza yule ni nani. Pale nyumbani hapakuwa na mtu asiyejua yule ni nani.

Ngoja nieleze kidogo kabla sijaendelea, maana ndoto hii haina heri na sitaki mtu apotee humo kama nilivyopotea mimi. Baba yangu, mwalimu Eliringia Mchomvu, alifariki hospitalini baada ya kuugua muda mrefu, tukamleta nyumbani Usangi kumzika. Mimi ni kitinda mimba wake, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Kwa hiyo kwenye ukoo wetu mimi ni mtu wa kompyuta: simu ikigoma naitwa mimi, king'amuzi kikigoma naitwa mimi, na mtu akifa, ukurasa wa tanzia natengeneza mimi. Wa baba niliutengeneza nikilia, lakini niliutengeneza vizuri. Nikaweka picha, ratiba na wasifu wake wote: alizaliwa, alisoma, alifundisha, alioa, ameacha watoto. Baba mdogo ndiye aliyepangwa kuusoma chini ya turubai, jeneza likiwa mbele, kutoka kwenye simu yake.

Pale kwenye watoto niliandika Elisante, Eliakimu, Namkunda na Nakiete. Nakiete ni mimi. Namkunda ni binti ambaye baba alimzaa na mwalimu mwenzake wa Kisangara wakati kaka zangu bado wadogo, mimi sijazaliwa. Kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Ndugu wa ukoo walikaa kikao, wakaamua jina lake litoke, ili siku ya msiba wageni wasirudi makwao na habari. Mama hakusema kitu. Mimi nilisema sawa.

Na huyo Namkunda ndiye aliyemfulia baba nguo hospitalini kipindi chote hicho, sisi wengine tukituma vocha na pole. Aliniandikia ujumbe kwenye simu. Alisema hataki shamba, hataki hata kikombe cha baba, anaomba jina lake lisomwe kabla baba hajafukiwa, basi. Nilimjibu asiwe na wasiwasi. Kisha nikaiacha kompyuta kwenye begi, nikajiambia nitalifuta jina asubuhi, nikajilaza sebuleni kwenye magodoro pamoja na shangazi na wanawake wengine.

Basi, naingia.

Ukurasa wa tovuti, kwa asiyeujua, ni nyumba ndani ya nyumba. Kila kitu kimo ndani ya kingine, na kile kilichokizunguka tunakiita mzazi wake. Vilivyo pamoja chini ya mzazi mmoja ni ndugu. Huko ndani kabisa, kwenye chumba cha mwisho, ndiko yanakokaa maandishi yenyewe, katika kitu tunachokiita kifundo. Ukitaka kuyagusa, kuongeza neno au kukata, lazima ukifikie kifundo chake kwa kupitia kwa wazazi. Haya si mambo ya ndotoni, haya ndiyo yanayonilisha. Cha ndotoni ni kwamba mlangoni kuna bawabu.

Bawabu ni mabano mawili, yale tunayofungulia na kufungia kila chumba, yaliyovaa kofia moja. Anazungumza bila kunitazama, kama walinzi wote.

Ananiuliza mzazi wangu ni nani. Namtajia baba. Ananiuliza kama yupo. Namwambia amefariki, ndiyo maana tuko hapa, asikie nyimbo zile. Anasikiliza nyimbo, anatikisa kofia. Anasema humu hakuna anayeingia bila mzazi, na mzazi wangu kwa maelezo yangu mwenyewe hayupo. Namwambia ninakokwenda ni kwa huyohuyo mzazi. Anafikiri kwa muda mrefu, bano moja likimshauri mwenzake.

"Pita," anasema. "Lakini kufunga nafunga mimi. Nikishafunga, aliyeko nje yuko nje."

Namwambia sawa. Siku hiyo nilikuwa naitikia sawa kwa kila kitu.

Ndani kuna ukumbi mrefu na kaka zangu wamekaa kwa mpangilio wa kuzaliwa, kila mmoja na kibandiko kifuani. Kaka Elisante, ambaye mjini ni meneja na hapa nyumbani ni meneja vilevile, amekasirika. Amebandikwa sifuri. Anataka kujua nani aliyempa sifuri, na namba ya simu ya mkubwa wake. Bawabu anamweleza taratibu kwamba humu hesabu huanzia sifuri.

"Mimi ni wa kwanza," anasema kaka.

"Ndiyo," anasema bawabu. "Wa kwanza ni sifuri."

Kaka anakaa, na ndoto nzima hakusema tena. Sitaficha, roho yangu ilifurahi kidogo. Eliakimu yeye amebandikwa moja na anaona ni sawa tu. Kiti kinachofuata kina kanga iliyokunjwa vizuri na hakuna mtu. Cha mwisho sikukiangalia.

Nageuka kumwuliza bawabu njia, na ukumbi si ukumbi tena, ni wodi. Ile wodi yenyewe, na ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na dirisha lile ambalo lilikuwa halifungi. Kitandani amelala wasifu.

Ni mstari mmoja mrefu wa herufi, umekunjwa mara nyingi ili utoshe kitandani, na umefunikwa shuka la bluu mpaka penye alisoma shule ya msingi. Herufi nazijua. Ni aina niliyomchagulia mimi kwa sababu inasomeka vizuri kwenye simu, yeye hakuulizwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Sauti ni ya baba kabisa, ila anavuta pumzi kwenye kila mkato na kusimama kwenye kila nukta. Namwambia nimekula. Namwambia pia, kwa aibu, kwamba nimetumwa. Anasema anajua, ametumiwa wengi kabla yangu, wengine walimwongezea vyeo ambavyo hakuwahi kuwa navyo. Hakasiriki. Anasema wembe sina haja ya kuushika, kwake hakuna nyama. Inatosha nitaje mahali pa kuanzia na idadi ya herufi, na atakatika mwenyewe.

Namwuliza urefu wake ni kiasi gani. Ananitajia, na namba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Namwuliza kama amehesabu na zile nafasi tupu kati ya maneno.

"Zinahesabiwa," anasema. "Mengi yangu yako humo."

Nakaa kwenye kile kiti cha plastiki cha wageni. Nesi anapita, anaangalia chati, anaandika kwamba mgonjwa anaendelea kuwa maandishi. Hakuna anayeshangaa, na mimi nashangaa kwa nini sishangai. Nilikuwa nimemkumbuka sana mtu huyu, na sasa niko mbele yake na nimebeba wembe.

Namwambia, "Baba, huyu ninayetumwa kumtoa ni mtoto wako."

"Maandishi hayana watoto, mama."

Ni kweli. Ndiyo kanuni ya kwanza wanayokufundisha. Nyumba ina watoto, chumba kina watoto, aya ina watoto, lakini kifundo cha maandishi ndio mwisho wa ukoo. Hakizai. Nimewahi kumfokea kijana wa ofisini kwetu kwa kutolijua hilo.

"Nilipokuwa mtu nilikuwa nao," anasema baba. "Wanne. Sasa mimi ni maandishi. Humu ndani kuna herufi tu, na mwenye kukata akikata, siwezi kumshika mkono."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia hasa, kwa uchungu na kwa hasira pia, maana yeye ndiye aliyeliacha jambo hili mpaka likanifikia mimi. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia alikuwa na maisha yote ya kusimama mbele ya ndugu zake na kusema, huyu ni wangu, na hakusimama, sasa mimi kitinda mimba ndiye nibebeshwe wembe.

"Kweli kabisa," anasema. "Nilikuwa namwogopa mama yako. Halafu nikazoea."

Hakuongeza neno. Hakuweza kuongeza, ilimbidi mtu amwandikie. Nami sikumwandikia.

Badala yake nikafanya kazi niliyotumwa. Mahali pa kuanzia palikuwa rahisi, ni pale inapoanza herufi ya kwanza ya Namkunda. Ilibaki idadi. Sasa sisi watu wa kazi hii tuna tabia moja ya uvivu. Ukijua unachokikata ndicho cha mwisho, huhangaiki kuhesabu herufi. Unataja namba yoyote kubwa, na kifundo kinakata mpaka kinapoishia, hakilalamiki. Ukiomba zaidi ya kilichopo, unapewa kilichopo chote. Nimefanya hivyo mara nyingi kazini, nikaenda zangu kunywa chai.

Nikawahesabu kwa vidole. Elisante, Eliakimu, Namkunda. Namkunda ndiye wa mwisho.

"Elfu moja," nikasema.

"Sawa," akasema baba.

Hakuniuliza kama nina hakika. Maandishi hayaulizi.

Herufi zinaanza kuanguka kutoka kitandani, taratibu, zinalia kwenye sakafu kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Linaanguka jina la Namkunda lote. Nasubiri ziishe. Zinaendelea. Inaanguka "na", kisha naona jina langu linashuka, herufi moja baada ya nyingine. Baada yangu wanaanguka wajukuu, na baada ya wajukuu yanaanguka yale maneno ya kumshukuru Mungu yanayowekwa mwisho wa tanzia. Kisha kimya.

Mtu anayehesabu wenzake hujisahau mwenyewe. Aliyewahi kuhesabu watu wa kupanda gari la harusi anajua ninachosema. Anahesabu, anakuta mmoja hayupo, anapiga kelele na kutukana madereva, kumbe aliyekosekana ni yeye.

"Baba," nasema, "mimi nilikuwemo."

"Ulikuwemo."

"Nirudishe. Nipachike palepale nilipokuwa."

"Mahali hapo hapapo tena, mama. Naishia kwa Eliakimu."

Nikamwomba, sijui mara ngapi, kila mara nikimtajia namba ya mahali pangu, na kila mara ananijibu kwa upole uleule kwamba namba hiyo iko nje ya urefu wake. Kanuni hiyo nayo naijua. Kukata kupita kiasi unaruhusiwa, lakini kupachika mahali pasipokuwepo huruhusiwi. Sikuwahi kuona ubaya wake mpaka siku hiyo.

Baba mdogo Mbazi anaingia na koti lake. Haniangalii. Anakikunja kile kitanda na wasifu wake mpaka vinakuwa na ukubwa wa simu, anavitia mfukoni, anamwambia nesi kwamba ukoo unashukuru kwa huduma. Nataka kumfuata. Mlango wa wodi unafungwa, na nasikia bano likigongana na mwenzake.

Sasa niko nyuma ya nyumba, upande wa jikoni ya msiba. Mafiga makubwa, moshi, masufuria, kuni mbichi. Napajua mahali hapa kwa namna mbili. Nyumbani ndipo wanapopikia, na mgeni wa heshima haletwi huku. Kazini ni ile sehemu ya maelezo, yaani maandishi yanayokuwemo kwenye ukurasa lakini kioo hakiyaonyeshi. Tunaachiana humo ujumbe sisi wenyewe mafundi. Yamo kabisa, yana urefu wake, unaweza hata kuyakata na kuyaongeza. Msomaji tu ndiye hayaoni.

Namkunda amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua herufi zilizoanguka. Zilizovunjika anazitupa pembeni. Nzima anazirundika.

"Karibu, Nakiete," anasema. "Sogea huku, moshi unaelekea kwako."

Nasogea. Namsalimia, anaitikia. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa na nikaona afadhali angenigombeza, maana alikuwa ananipangusia benchi kwa pindo la kanga yake. Nikamwambia niliambiwa na wakubwa. Akasema anajua niliambiwa. Nikamwambia nilikuwa nakusudia jina moja tu. Akasema hilo nalo analijua, na akaendelea kuchambua.

Nikamwuliza amekaa huku tangu lini.

"Tangu nizaliwe," akasema. "Si pabaya. Unakula. Ila ukitaka kusema kitu, unajisemea."

Akanisimulia kuhusu baba, bila kuinua macho kwenye ungo. Kwamba alikuwa anakuja huku, anakaa kwenye benchi hilihili, anauliza habari za shule, anakagua madaftari, anakula ugali mpaka anamaliza. Akicheka alicheka kwelikweli, tofauti na wanavyomsimulia watu wa mbele. Lakini akisimama kuondoka alikuwa anajikung'uta moshi kwenye nguo, kwanza mikono, halafu mabega, kwa uangalifu, mpaka harufu iishe. Nikaona wivu na huruma vyote pamoja, maana mimi baba hakuwahi kunikagulia daftari hata moja.

Kipaza sauti kinakoroma kule mbele. Baba mdogo anapima sauti, anasema moja mbili moja mbili. Namkunda anaweka ungo chini. Anajipangusa mikono kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kuitwa, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa bado anasubiri. Na herufi zake zote ziko pale miguuni, alikuwa bado anasubiri.

Baba mdogo anasoma vizuri, hilo simnyimi. Anasoma kuzaliwa, anasoma kusoma, anasoma ndoa. Watu wanaguna panapostahili. "Ameacha watoto," anasoma, "Elisante, Eliakimu," na anasimama hapo, mkato ukining'inia hewani, kwa sababu hakuna kingine mbele yake. Watu wanasubiri. Mchungaji anakohoa, anasema amina, na wote wanaitikia.

Nikapiga kelele. Nikasema na Nakiete, mimi Nakiete, niko huku nyuma. Mpishi aliyekuwa anakoroga pilau karibu yangu hakugeuka hata kidogo.

"Utaumia koo," alisema Namkunda. "Mimi nilishajaribu."

Akanipa kipande cha mkaa. Akaniambia hapa naruhusiwa kuandika chini ninachotaka, na kuongeza, na kuongeza tena, hakuna wa kunizuia, mradi nijue kwamba hakisomwi. Nikapiga magoti nikaandika jina langu. Nikaliongezea jina la baba, na la babu, na shule nilizosoma, na kazi ninayofanya, na lile tuzo nililopewa ofisini. Nikaandika mpaka nikafika kwenye migomba. La Namkunda sikuliandika. Sikulikumbuka kabisa.

Kati ya migomba niliweza kuona mbele. Jeneza limeinuliwa. Mama amesimama peke yake mahali ambapo wote wamekaa, anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Anasema, "Kuna mtu amepungua." Baba mdogo anamwambia kwa adabu kwamba hakuna aliyepungua, shemeji, wasifu umesomwa wote. Mama anakunja kidole kimoja, anakunja cha pili. Cha tatu anakishika bila kukikunja, anakitazama. Kisha anakaa, na wimbo unaanza, na nasikia udongo wa kwanza.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shangazi na wenzake walishaondoka magodoroni, na chai ilikuwa inachemka mahali. Begi langu lilikuwa pale ukutani, zipu imefungwa, kompyuta ndani kama nilivyoiacha. Nikaitoa kwa pupa, nikafungua ukurasa. Elisante, Eliakimu, Namkunda na Nakiete. Wote tulikuwemo, wajukuu walikuwemo, maneno ya mwisho yalikuwemo. Nilifurahi mpaka nikajifuta machozi.

Sasa sikilizeni mtu alivyo. Nilikaa pale na jina la Namkunda mbele yangu, baada ya kukaa naye kwenye moshi, baada ya kuona mikono yake, nikajiambia kwamba kosa langu lilikuwa la hesabu tu. Nikahesabu herufi zake kwa kidole, pamoja na mkato na nafasi yake, sikuzidisha hata moja. Nikakata. Nikasoma tena: Elisante, Eliakimu na Nakiete. Nikahifadhi, nikamtumia baba mdogo ujumbe kwamba tayari. Akanijibu, ubarikiwe.

Nilipofika ukumbini shangazi alikuwa anawafunga kaka zangu vitambaa vyeupe kichwani. Kwetu watoto wa marehemu hufungwa cheupe ili watu wajue nani wa kupewa pole kwanza. Alimfunga Elisante, akamfunga Eliakimu, akaukata uzi kwa meno, akaanza kufunga kikapu chake. Nikainamisha kichwa mbele yake. Nikaona amechelewa kunigusa, nikainua macho.

"Hivi ni vya watoto wa marehemu, mama," alisema shangazi, kwa ule upole anaopewa mtu wa mbali. "Nyinyi vyenu ni vyeusi, viko mlangoni."

Nikamwambia, shangazi, ni mimi, Nakiete. Akanishika mikono yote miwili, akanipa pole ya safari, akaniuliza kama nimeshapata chai. Elisante aliniinamishia kichwa kidogo kama anavyowafanyia wateja. Mama alikuwa dirishani. Alinitazama, akakunja uso kama anayetafuta jina la mtu aliyesoma naye zamani, halafu akaitwa na watu wa jeneza.

Nikatoka nje kwa sababu sikujua pa kusimama. Turubai lilikuwa limejaa. Huko mwisho, upande wa jikoni, alikaa mwanamke aliyefika na basi la kwanza, begi dogo miguuni, kitambaa cheusi kichwani. Aliponiona alisogea kwenye benchi, akapapangusa kwa pindo la kanga.

"Nakiete," alisema, na alikuwa mtu wa kwanza kuniita kwa jina tangu kukucha. Nikakaa. Aliinama karibu na sikio langu ili wengine wasisikie.

"Litasomwa?" aliuliza Namkunda.

Nilifungua mdomo. Mbele kule baba mdogo alikuwa ameshashika simu yake, anasoma mahali baba alipozaliwa.